Herufi Nyekundu

Bwana Shwari alichukia kelele. Alivaa viatu vya soli ya mpira, alifunga milango kwa mikono miwili, na ukimpelekea tatizo alikusikiliza huku amekunja uso kama mtu mwenye jino bovu. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wafanyakazi, kwa sababu kila alipopita mezani kwa mtu aliuliza, "Mambo shwari?" na jibu lililoruhusiwa lilikuwa moja tu. Aliyejibu vingine alitakiwa kuandika maelezo. Alikuwa msajili wa baraza la kusuluhisha migogoro ya kazi, mahali ambapo watu waliofukuzwa, walionyimwa likizo na waliokatwa vidole na mashine huenda kulalamika. Ofisi nzima imesimama juu ya malalamiko, na mkubwa wake hataki kusikia lalamiko hata moja. Ndivyo ilivyokuwa, usinitazame mimi.

Chumba cha wapiga chapa kilikuwa mwisho wa korido. Kila mmoja alikaa na vipokea sauti masikioni, akisikiliza vinasa sauti vilivyoletwa kutoka vyumba vya mashauri na kuandika kila neno lililosemwa. Vinasa sauti vilikuwa vichache kuliko mashauri, kwa hiyo utaratibu haukuwa na mjadala: andika, hifadhi, futa sauti, rudisha kinasa. Kesho yake kinasa hichohicho kilikuwa kimekwisha jaa vilio vya watu wengine.

Dirishani, kwenye mashine kongwe kuliko zote, alikaa mama mmoja mwembamba ambaye ofisi nzima ilimwita Mama Mdogo. Walilichukua jina hilo kwa Fundi, kijana wa kompyuta, ambaye kwake halikuwa jina la utani. Mwanamke huyu alikuwa mdogo wa mama yake kweli. Mama yake alipofariki, huyu ndiye aliyekwenda kumchukua akiwa na nguo alizovaa tu, akamlea, akamsomesha, na mwisho akasimama mlangoni kwa Bwana Shwari, asubuhi baada ya asubuhi, mpaka kijana akaajiriwa. Yeye mwenyewe alikuwa bado wa mkataba, mkataba unaoongezwa kila mwaka kwa shingo upande. Mwaka huo ndio alioahidiwa kuingizwa kwenye ajira ya kudumu, na alikuwa ameanza kulisema jambo hilo nyumbani, kwa sauti ndogo, akiogopa kulitia mkosi.

Kompyuta za chumba hicho zilikuwa zimekula chumvi nyingi. Diski zao za ndani zilikufa moja baada ya nyingine. Baraza liliomba mpya, likaambiwa lisubiri, likasubiri. Ndipo Fundi alipokaa chini akatengeneza diski yake mwenyewe ya kuwashia: flashi ndogo yenye Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, aliyoichonga na kuipunguza mpaka ikabaki na vile tu anavyohitaji mpiga chapa. Unaichomeka, unabonyeza kitufe, mashine inaamka bila kujali kama diski yake ya ndani ipo au imeoza. Kila kitu kinapakiwa kwenye kumbukumbu ya muda. Ukizima, mashine inasahau yote, na kesho inaamka kana kwamba haijawahi kumjua mtu. Kwa hiyo kazi haikuwekwa kwenye mashine. Iliwekwa kwenye seva, kompyuta kuu ya ofisi, katika chumba kidogo chenye feni karibu na choo cha wageni, ndani ya folda ya pamoja ambayo Fundi aliiita Kabati.

Mwanzoni wapiga chapa waliunganisha Kabati wenyewe kila asubuhi, kwa kuandika mstari mrefu wa amri wenye anwani ya seva na neno la siri. Wengine walishindwa wakamwita Fundi. Mama Mdogo aliukariri mstari ule kama anayekariri sala asiyoijua maana yake, akauandika kwa kidole kimoja huku midomo ikimchezacheza. Fundi alipomwona hivyo alimhurumia. Sema ukweli: kazi yote ile ya kuifanya diski ijiunganishe yenyewe aliifanya kwa ajili yake. Aliandika amri zinazojiendesha, kwamba mashine ikiamka itafute seva, ijitambulishe, iunganishe Kabati, itengeneze humo folda mpya ya siku hiyo kwa jina la mpiga chapa, kisha iifungue mbele yake.

Siku ya kwanza Mama Mdogo alibonyeza kitufe, akakunja mikono kifuani na kungoja. Folda yake ikafunguka yenyewe, tupu, safi, ikimsubiri. Akawaambia wenzake, kwa sauti ambayo Bwana Shwari asingeipenda, kwamba huyo aliyefanya mambo hayo alijifunza kufunga kamba za viatu mikononi mwake yeye. Fundi akajifanya anatafuta waya chini ya meza.

Wala kijana hakuwa mzembe. Aliweka kinga. Kabati likikataa kuunganika, skrini nzima ilijaa herufi nyekundu: KABATI HALIJAFUNGUKA. USIANDIKE KITU. MWITE FUNDI. Na programu ya kuandikia ikagoma kufunguka. Sasa ile mashine ya dirishani ilikuwa nzito kuamka. Upande wake wa mtandao ulichelewa, kwa hiyo amri zilipokwenda kutafuta seva zilikuta njia bado haijafunguka, zikarudi mikono mitupu. Karibu kila asubuhi Mama Mdogo alipata herufi nyekundu. Alimwita Fundi, Fundi akaja, akaizima na kuiwasha tena, na mara ya pili ikakubali. Wenzake walimtania kwamba mashine yake ina wivu, haiwezi kuanza siku bila kumwona mtoto wa nyumbani. Yeye alicheka nao. Zile dakika chache za asubuhi alizipenda.

Kisha wakaja wageni kutoka makao makuu. Bwana Shwari aliwatembeza asubuhi, na walipofika dirishani skrini ya Mama Mdogo ilikuwa imewaka nyekundu kutoka pembe hadi pembe. Mgeni mmoja akauliza kama kompyuta inaumwa. Haikuwa hata dhihaka, lakini Bwana Shwari aliibeba hadi ofisini kwake kama kidonda, na saa hiyohiyo akamwita Fundi.

"Ondoa ile damu kwenye skrini," alisema.

Fundi alieleza kwamba herufi zile si kosa, zinatoa taarifa ya kosa. Alieleza kwamba dawa yenyewe ni kuziandika upya amri ili mashine ijue kusubiri na kujaribu tena mpaka iipate seva, na kwamba anahitaji siku kadhaa za kuijaribu kwenye kila mashine. Bwana Shwari alimsikiliza mpaka mwisho, uso umekunjamana. Akasema wageni watapita tena kesho asubuhi.

Hapa ndipo penyewe. Mwisho wa mstari wa kuunganisha Kabati, Fundi aliongeza yale maneno mafupi ambayo kila mtu wa kazi ile anayajua, yanayoiambia mashine: ukishindwa, nyamaza, endelea na mengine. Akaifuta sehemu ya herufi nyekundu. Alijiambia atarudi wiki ijayo afanye kazi ya maana. Nani asiyejua wiki ijayo ya mafundi? Kesho yake wageni walipita, skrini zote zikawa nyeupe na tulivu, na Bwana Shwari akampiga Fundi begani. Wiki ijayo ikaja na printa iliyokwama, ikafuatwa na ile ya simu za mezani, na Fundi akasahau.

Sasa fuatilia vizuri, maana hapa ndipo mtu alipoangamia. Kabati, kabla halijaunganishwa na seva, lipo kwenye mashine kama fremu ya mlango: folda tupu yenye jina hilo, inayongoja. Seva ikiunganishwa, utakachoweka humo kinakwenda kwenye seva. Isipounganishwa, folda inafunguka vilevile na kupokea vilevile, ila inakiweka kwenye kumbukumbu ya muda, ile inayofutika mashine ikizimwa. Na kwa kuwa amri zilikuwa zimeambiwa ziendelee, ile ya kutengeneza folda ya siku nayo iliendelea. Mama Mdogo aliona kilekile alichozoea kuona kila asubuhi, folda yake tupu yenye tarehe ya leo. Aliandika mchana kutwa. Alihifadhi. Jioni aliifungua tena kazi yake kuhakikisha, kama alivyofanya siku zote, na ikafunguka neno kwa neno. Akafuta sauti kwenye kinasa, akakirudisha, akazima mashine, akaifunika kitambaa. Kazi ya siku nzima ikafa chini ya kile kitambaa, na yeye akaenda zake nyumbani akiwa amechoka kihalali.

Kwa wiki kadhaa hakuna aliyejua lolote. Mama Mdogo alikuwa amepewa shauri refu, la wanawake waliofukuzwa kiwanda cha sabuni baada ya kuugua vifua. Alilichukua peke yake, tangu mwanzo. Jioni, akichambua mchele, alimsimulia Fundi sauti za watu asiowahi kuwaona: mmoja anayekohoa kabla ya kila jibu, mwingine anayemwita mwenye kiwanda "baba" hata pale anapomshitaki. Alisema kuna siku alisimamisha kinasa akaenda kunawa uso. Fundi alikuwa anakula na kutazama simu, akaitikia ndiyo, ndiyo.

Mwisho wa mwezi karani alikwenda kwenye Kabati kukusanya mashauri yachapwe na kujalidiwa. La kiwanda cha sabuni lilikuwa na siku chache tu, zile ambazo kwa bahati mtandao uliwahi. Nyingine zote hazikuwepo. Na zile chache ndizo zilizommaliza Mama Mdogo. Kama pasingekuwa na kitu kabisa, pengine mtu angeishuku mashine. Lakini kuona leo ipo, kesho haipo, keshokutwa haipo, kulifanana kabisa na mtu anayefanya kazi akijisikia. Na vinasa vyote alikuwa amevifuta kwa mkono wake, akatia sahihi.

Minong'ono haikukawia. Wenzake, walewale wa utani wa asubuhi, wakaanza kukumbuka kwamba alikuwa akichungulia dirishani. Mmoja alikumbuka hata siku ile ya kunawa uso. Mama Mdogo alisema neno moja tu, na alilisema kwa kila aliyemuuliza: niliandika. Hakuna mtu aliyewahi kumwita mwongo maishani mwake, na kuitwa hivyo sasa kulimuuma kuliko hata kuukosa ule mkataba. Alimwambia Fundi hivyo waziwazi, wakiwa njiani kurudi nyumbani: wakitaka wanifukuze kwa uzee, wanifukuze, lakini wasiseme nilikaa pale nikidanganya.

Fundi alibaki kazini jioni iliyofuata. Alikaa kwenye kiti cha Mama Mdogo, juu ya mto wake wa kitambaa kilichopauka, akachomeka flashi na kuwasha. Folda ya siku ikafunguka, nyeupe, tulivu. Akaiuliza mashine imeunganishwa na nini. Ikamletea orodha fupi, na Kabati halikuwemo. Akakumbuka yale maneno mafupi mwisho wa mstari.

Mtu mwingine angeiacha mashine kama ilivyo, akaufunga mlango na kwenda kumwita shahidi. Lakini mikono ya fundi haina subira na kosa. Hata kabla hajafikiri, alikuwa amekwisha ufungua ule mstari na kuurekebisha. Aliandika kwamba mashine isubiri, ijaribu, ijaribu tena, isifungue chochote mpaka Kabati lishike. Kazi aliyomwambia Bwana Shwari inataka siku kadhaa ilikwisha kabla mfagizi hajamaliza korido. Akanakili diski mpya kwenye flashi zote, akazijaribu moja moja, zote zikakubali, akasikia ile raha ndogo ya kazi iliyonyooka. Raha ilipopoa ndipo alipogundua kwamba amefuta nyayo. Toleo la zamani alikuwa amelifunika na jipya. Ushahidi wote sasa ulikuwa mdomoni mwake.

Asubuhi alikwenda kwa Bwana Shwari, na huo ndio mwisho wa ujasiri wake, kwa hiyo tumhesabie. Alieleza yote, na kila mara alisema "sisi". Bwana Shwari aliinuka, akafunga mlango kwa mikono miwili, akarudi kukaa.

"Nilikwambia uondoe herufi," alisema. "Nilikwambia uondoe kazi za watu?"

Fundi akasema hapana.

"Yale maneno yaliandikwa na nani?"

"Na mimi, mkuu."

"Basi usiniletee habari za 'sisi'."

Kisha akamfafanulia, kwa upole kabisa. Ikisemwa ni mashine, basi ni mfumo wa baraza. Mawakili watakuja wakihoji kila shauri lililoandikwa kwa diski ile, hakuna uamuzi utakaosimama, na aliyetengeneza diski atakuwa wa kwanza kutoka. Ikisemwa ni mpiga chapa wa mkataba, jambo linaisha wiki hii. Akauliza nyumbani kwao wako watu wangapi wenye kazi. Fundi akasema wawili. Bwana Shwari akauliza kama anataka abaki mmoja au asibaki mtu. Hakupandisha sauti hata kidogo, na alipomaliza akamfungulia mlango.

Kikao kilifanyika kwenye chumba cha wapiga chapa ili mashine ionekane. Mwenyekiti wa baraza, mwanamke wa sheria mwenye miwani ya kamba, alikuja akiwa na nia njema. Nalisema hilo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu linazidi kunikera. Alitaka kujua. Alimwomba Mama Mdogo awashe mashine yake mwenyewe, aandike mstari mmoja na kuuhifadhi. Mama Mdogo aliwasha. Mashine ikasubiri kidogo, ikaipata seva, ikafungua Kabati. Aliandika jina lake, akahifadhi. Karani aliyekuwa kwenye mashine nyingine akasema kwamba limefika, analiona. Mwenyekiti akataka azime, awashe tena, aandike tena. Likafika tena.

Mama Mdogo akajaribu njia nyingine. Akaanza kuwasimulia wale wanawake wa sabuni: aliyekohoa alisema hivi, aliyesema "baba" akajibu vile, wakili akauliza juu ya glavu, msuluhishi akasema tupumzike. Alikumbuka kurasa na kurasa. Sauti yake haikutetemeka mpaka alipofika kwenye glavu. Bwana Shwari akasubiri amalize, akasema kwa adabu kwamba hakuna anayekataa kuwa mama alisikiliza. Swali ni kama aliandika.

Mwenyekiti akamgeukia Fundi. Alimwambia asiogope, ajibu kama mtaalamu, asahau kwamba ni ndugu.

"Hii mashine inaweza kupoteza kazi ya wiki nzima bila kumwambia mtu?"

Chumba kilikuwa kimya jinsi Bwana Shwari alivyopenda. Mama Mdogo aliinua macho, na machoni mwake hamkuwa na wasiwasi hata chembe. Alikuwa anamngoja aseme, kama alivyokuwa akimngoja asubuhi aje awashe. Fundi alikuwa ameahidiana na nafsi yake kwamba hatasema uongo, na hakusema.

"Mashine haipotezi kitu, mheshimiwa," alijibu. "Inafanya ilichoambiwa."

Kila neno ni sahihi. Ungeweza kulichapa kwenye kitabu cha mafunzo. Mwenyekiti akaandika, kisha akauliza kama ana la kuongeza. Fundi akasema hapana. Mama Mdogo alimtazama kitambo, akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa majibu ya daktari, akaanza kukunja kitambaa cha kufunikia mashine.

Hawakumfukuza. Baraza la kazi halifukuzi, lina adabu zake. Hawakuuongeza mkataba tu. Mtu mmoja alimnong'oneza kwamba anaweza kukata rufaa, na alipouliza wapi, yule mtu akaona haya kumjibu, kwa sababu mahali penyewe ni palepale. Wanawake wa sabuni waliitwa waanze upya. Baadhi walikuja, wengine walikwisha hama, na yule wa kukohoa hakuonekana tena. Diski ya Fundi ikasifiwa kwenye ripoti. Ikaagizwa ipelekwe matawi yote, naye akapandishwa cheo awe anasafiri kuifunga. Bwana Shwari alimpa mkono mbele ya watu, akauliza kama mambo shwari, na Fundi akajibu linalojibiwa.

Nyumbani hapakuwa na ugomvi. Afadhali ungekuwepo. Mama Mdogo aliamka mapema vilevile, akampigia pasi shati lake la kazi, akamwekea chai. Kilichobadilika kilianza kama mzaha. Alizima jiko, akatoka, akarudi kulitazama. Akamuuliza Fundi, "Nimezima?" Fundi akasema umezima. Siku nyingine ilikuwa bomba la maji. Siku nyingine alisimama katikati ya chumba na chumvi mkononi, asijue kama amekwisha itia, akaonja, akaonja tena, mwisho akamwomba yeye aonje. Jirani alikuja amwandikie barua, kwa kuwa alijulikana kwa mwandiko mzuri. Akaiandika, akaisoma mbele yake, akamuuliza jirani kama anaona maandishi hapo. Jirani alicheka, kisha akaacha kucheka. Mwanamke aliyekuwa na hakika ya kila herufi aliyoipiga sasa hakuwa na hakika ya mikono yake.

Fundi aliyaona hayo kila aliporudi safarini, na kila mara yalikuwa yamezidi. Siku aliyomkuta akimhesabia nguo za kuanika, akizigusa moja moja na kusema hii ipo, hii ipo, hakuweza kuvumilia zaidi. Akamketisha kitandani, akamweleza. Alianza na herufi nyekundu, akaja kwenye maneno mafupi, kwenye folda inayofunguka hata isipounganishwa, kwenye jioni ile aliyorekebisha, kwenye mlango wa Bwana Shwari uliofungwa kwa mikono miwili. Hakujipunguzia. Alisema, uliandika, Mama, uliandika yote, na mimi nilijua nilipokuwa nimesimama pale.

Mama Mdogo alimsikiliza bila kumkatiza, shati moja likiwa mapajani mwake. Alipomaliza, alimshika shavu kwa kiganja, akatabasamu tabasamu ambalo Fundi hakuwa ameliona tangu kikao.

"Mwanangu, unanihurumia," alisema. "Nashukuru. Lakini kudanganya hujui tangu utotoni."

Fundi akaapa. Akasema atamwonyesha, ataiandika tena diski ya zamani, aone kwa macho yake kazi ikipotea. Mama Mdogo akasema fundi anaweza kuifanya mashine ionyeshe chochote. Fundi akasema kesho atakwenda kwa mwenyekiti, na hapo mama akawa mkali. Akamshika mkono, akamwambia hatakubali afukuzwe kazi kwa kujitwisha kosa lisilo lake, kwamba hakumlea kwa ajili hiyo, na akamtaka aahidi. Alirudia mpaka Fundi akaahidi. Na ndani ya aibu yote ile, nisiseme uongo, kijana alisikia ahueni. Aliisikia, akajua ni nini, akaiacha ikae.

"Wewe mwenyewe ulisema mbele ya watu," Mama Mdogo alimwambia, akilikunja shati. "Mashine haipotezi kitu. Nimelifikiria neno hilo sana. Kama lingekuwa si kweli, mwanangu asingesimama pale akanitazama na kulisema. Basi ni mimi. Sijui nilikuwa nafanya nini siku zote zile, lakini ni mimi."

Akainuka akaenda kufunga mlango wa nje, maana giza lilikuwa linaingia. Fundi alisikia komeo likipita, kisha kimya, kisha likirudishwa na kupitishwa tena.

"Hebu njoo unitazamie," aliita. "Nimefunga?"

Fundi akaenda. Komeo lilikuwa limeingia mpaka mwisho. Akamwambia umefunga, Mama.

"Una hakika?"

Akasema anayo. Mama Mdogo akaitikia, akasimama palepale na mkono juu ya komeo, akimngoja aseme tena.